Kiungo, Kondoo na Jiwe: Uhakiki wa Sitiari za Umoja wa Waumini katika Lugha ya Kanisa, kwa Kurejelea Liganga, Njombe na Makambako

Utangulizi

Katika kipindi cha matangazo cha ibada ya Jumapili, huko Njombe na Makambako kama katika makanisa mengine mengi ya Tanzania, neno umoja husikika kwa namna mbili. Husikika kama wito, pale kiongozi anapowaomba waumini washikamane katika ujenzi au katika msiba wa mwenzao. Husikika pia kama jina la kikundi: umoja wa wanawake, umoja wa vijana, umoja wa wanaume. Namna ya kwanza inawataka watu wavuke tofauti zao. Ya pili inawakusanya kwa sababu ya kufanana kwao. Kutokana na mvutano huo linazaliwa swali la uhakiki huu: lugha ya Kikristo ya Kiswahili inamjenga vipi muumini mmojammoja, na inampa thamani gani ndani ya wengi?

Swali hili halihusu lugha pekee. Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012, ndio uliokuwa na kiwango kikubwa kuliko mikoa yote cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12: asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wakati kiwango cha Tanzania nzima kilikuwa asilimia 5.1. Utafiti wa mwaka 2016–17 ulionesha asilimia 11.4 kwa watu wenye miaka 15 na zaidi. Makundi ya umri katika tafiti hizo mbili hayalingani, kwa hiyo tofauti ya takwimu hizo haipaswi kusomwa kama mteremko wa moja kwa moja. Zinachothibitisha ni kwamba kanisa lolote la eneo hili linaposema juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, linasema mbele ya watu ambao miili yao wenyewe imekuwa sababu ya kunong'onwa, kukwepwa, na wakati mwingine kujikwepesha. Sitiari ya mwili, ambayo mahali pengine ingeweza kupita kama pambo la mahubiri, hapa inagusa mahali panapouma.

Uhakiki umeegemea nadharia ya Sitiari Dhana ya Lakoff na Johnson (1980), ambayo kwayo sitiari ni namna ya kufikiri kabla ya kuwa namna ya kusema. Mtu anayeita mabishano vita hubishana kama anayepigana. Nadharia hii inafaa, ila ina pengo. Inaeleza vizuri namna kikoa chanzo kinavyoumba kikoa lengwa, lakini haijishughulishi vya kutosha na swali la nani mwenye mamlaka ya kuchagua kikoa chanzo. Kanisani swali hilo ni la msingi, kwa sababu anayeitwa kondoo hakujiita hivyo mwenyewe. Data zilizochunguzwa ni lugha ya hadhara ya makanisa: majina ya vyeo na vikundi, misamiati ya uanachama na nidhamu, pamoja na taswira za Biblia ya Kiswahili, hususan tafsiri ya Union Version iliyokamilika mwaka 1952. Riwaya moja, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), imetumika kama kioo cha kulinganishia.

Kiungo: neno linalounga

Mtume Paulo, katika sura ya 12 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, analifananisha kanisa na mwili. Fumbo hilo hakulibuni yeye. Mwanahistoria wa Kirumi Livy anasimulia kwamba mwaka 494 KK, watu wa tabaka la chini walipogoma na kuuhama mji wa Roma, Menenius Agrippa alitumwa kuwatuliza kwa hadithi ya viungo vilivyoligomea tumbo vikaishia kudhoofika vyenyewe. Katika hadithi hiyo tumbo ni watawala, na funzo lake ni kwamba mikono irudi kazini. Paulo anachukua chombo hicho hicho na kukigeuza. Kwake, viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vya lazima, na vile vinavyoonekana havina heshima ndivyo vinavyovikwa heshima zaidi. Katika mji wa Njombe, ambako mwezi Juni na Julai makoti huvaliwa hata mchana, hadhira haihitaji maelezo marefu juu ya kiungo kinachofunikwa kwa sababu kinathaminiwa. Mhubiri anayetumia sura hii kuwataka wanyonge watulie katika nafasi zao amemrudia Menenius Agrippa, hata kama anasoma maneno ya Paulo.

Tafsiri ya Kiswahili imeongeza kitu ambacho hakionekani waziwazi katika lugha nyingi za Ulaya. Neno kiungo limetokana na kitenzi unga. Kiini chake ni kuunganisha: kiwiko na goti ni viungo kwa sababu hapo mfupa unakutana na mfupa. Hivyo muumini anayeitwa kiungo hajaitwa kipande cha kitu kizima. Ameitwa mahali ambapo wengine wawili wanakutana. Thamani yake haitokani na ukubwa wake. Inatokana na kwamba akiondoka, waliokuwa wameshikana kupitia kwake wanaachana. Matumizi mengine ya neno hili katika lugha ya kila siku yanaelekea huko huko. Viungo vya jikoni ni kidogo kwa kipimo, lakini mchuzi ambao haukuungwa hujulikana kwa tonge la kwanza. Katika soka kiungo ni yule asiyefunga mabao mengi wala kuokoa mengi, ila timu isiyo naye hugawanyika pande mbili. Ni ajabu kwamba utajiri huu wa neno, ambao kila mpishi na kila mpenzi wa mpira anaufahamu, hutumiwa kwa nadra mimbarani, ambako kiungo hufafanuliwa tu kuwa ni sehemu ya mwili.

Upo upande wa pili wa neno hilo. Kiungo kimo katika ngeli ya KI-VI, ngeli ya vitu. Humo humo, kwa umbo ingawa si kwa upatanisho, ndimo lugha ilimowaweka watu wenye ulemavu: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Kwa miongo kadhaa sasa wanaharakati na wanaisimu wamehimiza maneno yanayomtanguliza mtu, kama mtu mwenye ulemavu au asiyeona. Je, kumwita muumini kiungo kunamshusha kwa kumtia katika ngeli hiyo? Hoja hii isisukumwe mbali, maana kiongozi naye ana kiambishi hicho hicho na hakuna aliyewahi kulalamika. Hata hivyo, ukaribu wa kiungo na kilema una faida kwa mfasiri wa sitiari hii. Unakumbusha kwamba Paulo hakuuchora mwili usio na dosari. Mwili wake una sehemu dhaifu, sehemu za aibu, na sehemu zinazoumia.

Kipengele cha kifani kinachostahili kukaliwa zaidi ni tashihisi. Katika sura hiyo viungo vinasema. Masimulizi ya jadi ya Kiswahili huwapa wanyama wanaosema upatanisho wa watu: sungura husema kama mtu, na sarufi inamfuata. Watafsiri wa Union Version hawakufanya hivyo kwa viungo. Mguu unasema ukiwa bado mguu, kwa upatanisho wa ngeli yake, jicho vilevile. Matokeo yake ni kwamba msikilizaji hawezi kusahau kuwa anayezungumza ni sehemu isiyoweza kusimama peke yake. Uamuzi huo, uwe wa makusudi au wa mazoea, umeilinda hoja ya Paulo.

Mpangilio wa wasemaji nao una maana. Wa kwanza kusema ni mguu, kisha sikio. Viungo hivi havimdharau yeyote, vinajitoa vyenyewe. Kila kimoja kinajilinganisha na kingine chenye hadhi kubwa na kuhitimisha kwamba hakimo mwilini. Ni baada ya hapo tu ndipo linapokuja jicho, na kichwa, vikiudharau mkono na miguu. Mahubiri juu ya umoja huelekea kulishughulikia jicho: hukemea kiburi, matabaka, ukabila na majivuno ya wenye fedha. Mguu huachwa. Lakini katika jamii ambamo mtu aliyepokea majibu ya kipimo anaweza kuacha kwaya bila kuambiwa na yeyote aache, au mjane anaweza kukaa nyumbani Jumapili kwa sababu hana sadaka wala nguo ya kutokea, mguu ndio wenye habari nzito zaidi. Kujitenga kwa mnyonge hakuleti kelele. Hakuna kikao kinachoitishwa kwa ajili yake.

Kundi na mwenye kundi

Sitiari ya pili, ya kondoo na mchungaji, ndiyo iliyotawala lugha ya kiutawala, hasa kwa Walutheri na Wamoravian ambao mchungaji ni cheo chao rasmi. Kwa Wakatoliki cheo ni padre, yaani baba, na sitiari inayoambatana nacho ni ya familia, ingawa askofu wao pia hubeba fimbo ya mchungaji. Inafaa kuzingatia kwamba sitiari ya mwili haikuzaa cheo chochote cha namna hiyo. Hakuna ofisi ya kanisa inayoitwa mkono au goti. Neno pekee la mwili lililopata cheo katika usemi wa Kikristo ni kichwa, nalo hutumiwa kwa mume nyumbani, jambo ambalo lingehitaji uhakiki wake wenyewe. Sitiari isiyo na cheo haina mtetezi katika vikao.

Kundi linahesabika. Huo ndio uwezo wake, na ndio upungufu wake. Mfano wa kondoo mmoja aliyepotea, akafuatwa na mwenye kundi aliyewaacha 99, ndio utetezi mkubwa kuliko yote wa thamani ya mtu mmoja. Hata hivyo thamani hiyo iko machoni pa mchungaji. Kondoo wale 99 hawana la kusema wala la kutenda; katika mfano huo hawaambiwi hata kama waliona kwamba mwenzao hayupo. Katika mwili, kwa upande mwingine, maumivu ya kiungo kimoja hufika kwa vingine bila kupitia ofisini. Tofauti hii inaeleza kwa nini mshiriki asiyeonekana kwa miezi kadhaa huulizwa kwanza na mhazini. Katika sharika nyingi za Kilutheri kila msharika ana namba ya bahasha ya sadaka, na bahasha isiyorudi ndiyo dalili ya kwanza ya kutoweka kwake. Mfumo huo haustahili dharau, kwa sababu umewahi kumgundua mgonjwa ambaye majirani walikuwa hawajamgundua. Ila ni mfumo wa kundi.

Historia ya Ukristo katika Ubena inaipa changamoto sitiari hii. Misioni ya Berlin iliingia kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891 na kufika Ubena kabla ya karne ya 19 kuisha. Kidugala na Lupembe zikawa miongoni mwa vituo vyake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, wakasaidiwa kwa miaka michache na Waskoti wa Livingstonia, kisha wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Vita ya Pili ikawaondoa tena. Marcia Wright (1971), katika utafiti wake juu ya misioni za Kijerumani za Nyanda za Juu Kusini, ameonesha nafasi ya walimu na wazee Waafrika katika vipindi hivyo. Kwa mantiki ya kundi, kondoo walioachwa bila mchungaji hutawanyika. Sharika hazikutawanyika. Watu walifundisha, walizika, walisuluhisha, waliombeana. Walioendesha mambo hayo hawakuwa wachungaji waliowekewa mikono. Walikuwa viungo vilivyoendelea kuunga. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuungana kwa makanisa saba, lilirithi sharika za aina hiyo. Ni kinaya kwamba lugha yake ya nidhamu iliendelea kuwa ya zizi.

Upande wa Wakatoliki, Jimbo la Njombe liliundwa mwaka 1968 kutoka eneo la Abasia ya Peramiho. Miaka michache baadaye maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, waliamua kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya parokia. Kimaana uamuzi huo ulikuwa wa kimapinduzi: kanisa lilihamia sebuleni. Katika jumuiya ya nyumba chache mtu hawezi kuwa namba. Anajulikana kwa jina, kwa mtoto wake anayeumwa, kwa shamba lake la viazi ambalo halijapaliliwa. Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ikaliita Kanisa familia ya Mungu. Lakini udogo unaofanya mtu ajulikane ndio unaofanya achunguzwe. Imekuwa desturi kwamba ubatizo, ndoa na hata maziko yaombewe barua au uthibitisho wa jumuiya. Hapo familia inageuka kuwa lango. Asiyehudhuria kwa sababu ya kibarua cha mbali au kwa sababu ya aibu ya ugonjwa hujikuta hana wa kumthibitisha siku anapohitaji.

Tatizo hilo ni kubwa zaidi Makambako. Mji huo ulikua kwenye makutano ya barabara ya Songea na barabara kuu iendayo Tunduma, pamoja na kituo cha reli ya TAZARA iliyoanza kazi katikati ya miaka ya 1970. Wakazi wake ni wafanyabiashara, madereva, wapangaji, watu waliokuja kwa msimu mmoja wakabaki au wakaondoka. Sitiari ya familia inadhani kwamba watu wana ukoo unaofahamika. Sitiari ya kundi inadhani zizi moja. Abiria aliyeteremka jioni akitokea Songea hana kimojawapo. Ni sitiari ya kiungo pekee ambayo haimuulizi alizaliwa wapi, kwa kuwa inauliza anamuunga nani na nani.

Jiwe

Liganga ni jina linalofahamika nchini kwa mlima wenye madini ya chuma wilayani Ludewa. Mzizi wake, -ganga, ni jiwe au mwamba katika lugha za Nyanda za Juu Kusini. Ndio huo huo unaosikika katika Gangilonga, mwamba wa mjini Iringa ambao jina lake hufasiriwa kuwa jiwe linalosema. Kwa muumini wa Liganga, kwa hiyo, sitiari ya waraka wa kwanza wa Petro, ambamo waumini wanafananishwa na mawe yaliyo hai yanayojengwa kuwa nyumba, iko karibu kuliko ilivyo kwa msomaji wa pwani.

Utekelezaji wa sitiari hii umeharibiwa na tofali. Michango ya ujenzi hutajwa kwa tofali na kwa mifuko ya saruji. Muumini hulizwa ameleta tofali ngapi, na kwa hatua ndogo ya taashira yeye na tofali lake huwa kitu kimoja. Tofali hutoka katika kibao kimoja, na lisilolingana na mengine hutupwa. Jiwe haliko hivyo. Fundi wa msingi wa mawe hulipindua jiwe mara kadhaa akitafuta uso wake na mahali litakapokaa, na kijiwe kidogo kisichoonekana ndicho kinachozuia kubwa lisiyumbe. Petro alizungumzia mawe. Kanisa linalotaka waumini wote wafanane kwa mavazi, kwa kiasi cha ahadi na kwa namna ya kushuhudia linajenga kwa tofali huku likinukuu jiwe.

Kwaya imekaribia zaidi kulitenda jambo ambalo mahubiri yanalisema. Gregory Barz (2003), aliyechunguza muziki wa kwaya nchini, aliiona kwaya kama jumuiya kamili yenye uongozi wake, misaada yake na huzuni zake. Kimuziki, sauti ya nne haiimbi ile ya kwanza, wala haitakiwi. Ikijaribu, wimbo unaharibika. Umoja unaosikika ni wa wasiofanana. Sifa hii hupotea pale umoja unapoelezwa kwa usemi wa kuimba kwa sauti moja, usemi ambao hakuna mwalimu wa kwaya wa sauti nne angekubali uwe agizo. Tena Njombe ina shule ya watoto viziwi. Palipo na viziwi, sitiari yoyote inayouweka umoja katika sauti inalazimika kujieleza upya.

Kioo cha Ukerewe

Rosa Mistika haihusu Njombe. Kezilahabi aliiweka katika Ukerewe alikozaliwa, na jamii yake ni ya Kikatoliki. Inafaa hapa kwa sababu inaonesha, kwa ukali ambao uliifanya ipigwe marufuku shuleni kwa muda, jamii iliyojaa alama za umoja wa kanisa huku mwanajamii mmoja akipotea mbele ya macho yake. Majina yenyewe yanasema: Rosa Mistika ni sifa ya Bikira Maria katika litania, na wadogo zake Flora, Honorata, Stella na Sperantia wamebeba majina ya ubatizo yanayonukia Kilatini. Kila binti ameandikwa katika kitabu cha ubatizo. Baba yao, Zakaria, ni mlevi anayemlinda Rosa kwa kipigo. Shule ya masista inamlinda kwa ukuta. Anapotoka nje ya ulinzi huo hana ndani yake nguvu ya kujitawala, na wanaume wenye vyeo, afisa Deogratias na mkuu wa chuo Thomas, wanamtumia. Mwishowe Charles, aliyempenda tangu utoto, anamkataa kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama hoja juu ya malezi. Usomaji huo ni sahihi, lakini unamwacha Rosa akiwa tatizo la nyumba moja. Kwa mtazamo wa sitiari za umoja, kinachoshtua ni kwamba hakuna anayemwona Rosa kuwa kiungo. Kwa baba ni mali ya kulindwa. Kwa shule ni kondoo wa zizini. Kwa Charles ni tofali lililotakiwa kutoka kibaoni bila ufa. Sitiari hizo tatu zinamthamini, tena sana, kwa sharti kwamba asibadilike. Riwaya ilipochapishwa, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 bado iliwataja waliojiua kwa kukusudia miongoni mwa wasiostahili maziko ya Kanisa. Sheria mpya ya mwaka 1983 haikuwataja tena. Msomaji wa mwaka 1971 alijua kwamba msichana aliyeitwa kwa jina la Maria alikuwa pia amejiondoa, kwa mujibu wa sheria, katika kaburi la wenzake. Udhaifu wa riwaya uko hapo pia: Kezilahabi anamwonesha Rosa akisukumwa toka pande zote kiasi kwamba nafasi yake ya kusema inakuwa finyu. Mguu wa Paulo, japo kwa kujidharau, ulisema.

Kutengwa na meza

Msamiati unaopima umoja kuliko wote ni wa kutoka na kurudi. Katika makanisa ya Kilutheri anayevunja maadili hutengwa, yaani huzuiwa kushiriki Meza ya Bwana, kisha baada ya mafundisho na toba hurudi kundini mbele ya usharika. Wakatoliki wana utaratibu wao, hasa kwa waliofunga ndoa nje ya kanisa. Kitenzi tenga kina maana mbili zinazovutana. Kumtenga mtu ni kumweka kando. Kutenga chakula ni kukiweka mezani tayari kwa walaji. Neno moja linamwondoa mtu mezani na kumletea chakula. Uhakiki huu haudai kwamba waliolichagua kwa ajili ya nidhamu ya kanisa waliufikiria uhusiano huo. Lugha, hata hivyo, imeuhifadhi, na pengo la matumizi yake liko wazi: aliyetengwa anafahamika kwa wote, lakini aliyetengewa, yaani mahali palipoachwa wazi kwa ajili yake, hana sehemu katika matangazo.

Hata usemi wa kurudi kundini una kasoro. Unaweka kosa lote kwa aliyetoka, na unachukulia kwamba kundi lilibaki zima. Kwa sitiari ya mwili mambo hayako hivyo, kwani kiungo kilichoteguka huuacha mwili wote ukichechemea hadi kirudishwe, na anayekirudisha hutumia mikono miwili. Mara nyingi anayesimama mbele ya usharika ni msichana mwenye mtoto mgongoni. Mwanamume aliyehusika hukaa benchi la nyuma, au katika usharika wa jirani, akiimba.

Desturi nyingine, isiyo na maandiko ya kuitetea wala kanuni iliyoiagiza, inakwenda kinyume na hilo. Baada ya ibada waumini hukusanyika nje kwa mnada wa mazao yaliyoletwa kama sadaka: debe la mahindi, viazi, parachichi, kuku. Yai moja la bibi asiye na fedha husimamishwa sawa na mkungu wa ndizi wa mwenye duka, na wapo wanaolinunua kisha kulirudisha linadiwe tena, hadi bei yake ipite mbali ile ya sokoni. Inaweza kusemwa, na ni kweli, kwamba sifa humwendea mnunuzi na jina la bibi hutajwa mara moja tu au halitajwi kabisa. Inaweza kusemwa pia kwamba mnada ni mbinu ya kupata fedha. Lakini kwa dakika chache kitu kilicho dhaifu kuliko vyote katika kapu ndicho ambacho watu wazima wenye akili timamu wanashindania, wakicheka, kila mmoja akiongeza juu ya mwenzake, na bibi mwenye yai akiwa amesimama pale pale akisikia.